Kichochoro kimoja Murara kiitwe "Njia ya Waliorudi"

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka; lava ikapita uwanja wa ndege, ikakata katikati ya Goma, ikamwagika Ziwa Kivu. Watu walikimbilia Gisenyi na Sake. Siku chache baadaye walirudi, wakikanyaga lava iliyokuwa bado na moto, wakajenga juu yake. Wengi wetu darasani hatukuwa tumezaliwa.

Chukudu ina sanamu yake mjini, na inaistahili. Waliorudi hawana hata kichochoro. Murara, jirani ya uwanja huo, panafaa. Kibao kiandikwe Kiswahili peke yake: Kifaransa kina avenyu za kutosha, na mama muuza ndizi atalitamka jina hilo bila kuuliza maana.