Deheni ya wazee nayo ni ushahidi

Haya wadau, leo nina hoja moja tu. Mkitaka kunipinga, ruksa, lakini someni hadi mwisho.

Kuna wenzetu hapa Gombani wakisikia hataza, yaani patenti, wanaona ni mambo ya Wazungu na maabara zao. Haya, tuseme kampuni ya nje inaomba hataza ya kitu cha kupaka chini ya boti, maji yasipenye na wadudu wasitoboe mbao. Ndani yake mna chokaa na mafuta ya mnyama. Jamani, hiyo si deheni? Wazee wetu wanapaka vyombo vyao miaka nenda miaka rudi!

Ombi likikataliwa, kampuni itakata rufaa na kudai deheni haihusiani na uvumbuzi wake. Marekani hilo wanalipima kwa maswali mawili: kitu cha zamani ni cha fani ileile? Kama si hivyo, kinagusa tatizo lilelile? Ndiyo moja inatosha. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa kule ilikubali kwamba mswaki unahusika na ombi la brashi ya nywele. Mswaki! Sasa deheni itakataliwaje?

Ila tusijidanganye, kuhusika si kushinda. Kampuni ikiongeza kitu ambacho deheni haina, na kikaleta matokeo ambayo fundi mjuzi asingeyatarajia, basi ipewe haki yake.

Kinachoniuma mimi ni ushahidi. Kabla ya Machi 2013, matumizi ya nje ya Marekani yasiyoandikwa popote hayakuhesabiwa kule. Hataza ya manjano ya kutibu vidonda, iliyotolewa 1995, ilifutwa 1997 kwa sababu Wahindi walikuwa na maandishi ya kuonesha. Na Ulaya, hataza ya mafuta ya mwarobaini ilifutwa mwaka 2000, rufaa ikatupwa Machi 2005. Siku hizi Marekani nao wanakubali matumizi ya popote duniani, lakini lazima uthibitishe. "Babu alikuwa akifanya" haitoshi.

Kwa hiyo rai yangu: tuwaulize mafundi wa vyombo, kwa ridhaa yao, tuandike wanachanganya nini, kiasi gani, wanapaka vipi, na tutie tarehe. Fundi akifa na siri yake, rufaa tumeshashindwa kabla haijasikilizwa.

Nyinyi mwaonaje?