Mpiga picha wa pili asimame wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Juzi baada ya swala ya alasiri mzee mmoja wa hapa kwetu Kibiti alinisubiri nje, pale tunapovulia viatu. Anaoza binti yake mfungo mosi, inshaallah. Mkononi ana karatasi ya kamati ya harusi, imekunjwa mara nne. Akaniambia, "Shehe, kamati wameandika wapiga picha wawili. Mimi nimezoea mmoja. Huyu wa pili ni jambo la maana au ni ufujaji?"

Nikamjibu papo hapo, wala sikufikiri. Nikamwambia, "Mzee wangu, huyo wa pili mfute. Na huyo wa kwanza mpunguzishe bei." Akacheka, akanishukuru, akaenda zake.

Usiku nikamsimulia mama watoto, nikidhani atanisifu kwa kumwokolea mzee wa watu pesa zake. Yeye akaniuliza neno moja tu: "Huyo mmoja atakayebaki ni mwanamume au mwanamke?" Nikasema ni yule kijana wetu wa studio, nani mwingine. Akasema, "Basi umemruhusu aingie ndani kwetu."

Nikanyamaza. Asubuhi nilikwenda nyumbani kwa mzee kulirudisha jibu langu, na niliyomweleza pale ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu harusi za mfungo mosi zinakuja na najua wengi wenu mna karatasi kama ile.

Kwanza nitangulize hili. Najua wapo watakaoandika hapo chini kwamba picha zote ni haramu, kwa nini shehe anazungumzia wapiga picha. Nawaheshimu. Wanazuoni wamehitilafiana katika picha ya kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, karne iliyopita aliandika kijitabu cha kuiruhusu; hoja yake ni kwamba kamera inakizuia tu kivuli cha kile alichokwisha kukiumba Allah, mpigaji haumbi kitu. Sheikh Ibn Baz wa Saudia aliikataza ila penye dharura. Aliyeshika kauli hii ya pili hana haja na maneno yangu ya leo, maana kwake hata mpiga picha wa kwanza hayumo kwenye bajeti. Mimi nasema na wale wengine, ambao ndio wengi wetu, tuliokwisha kuamua kupiga na kilichobaki ni namna gani.

Sasa tuje kwenye harusi zenyewe. Huku kwetu ndoa inafungwa msikitini baada ya adhuhuri au alasiri, au barazani kwa walii. Bibi harusi hayupo pale. Yuko ndani na kungwi wake, shangazi zake na mama zake wadogo. Walii anaozesha, bwana harusi anakubali, mashahidi wanasikia, ndoa imekwisha. Ni dakika chache. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imetaka mashahidi wasiopungua wawili, na kamera haikutajwa humo.

Saa hiyo hiyo, kule ndani kuna harusi nyingine kabisa. Kuna vigelegele, kuna ngoma, kuna mama mtu mzima aliyefunga khanga moja kifuani kwa joto, kuna mzazi ananyonyesha. Wamejiachia kwa sababu wako wanawake watupu, na hiyo ni haki yao.

Kwa hiyo wanakamati wanaposema mmoja hatoshi, hawasemi uongo. Mtu mmoja hawezi kuwa msikitini na ndani kwa wakati mmoja. Kinachotokea akiwa mmoja ni hiki: anapiga ndoa msikitini, kisha anafuatana na bwana harusi anapokwenda kumpa mkono mkewe. Bwana harusi anaingia na kijana wetu anaingia naye, tena yeye ndiye anayetangulia, anarudi kinyumenyume na kamera usoni, taa inawaka, katikati ya wanawake ambao hata kujitanda hawajawahi.

Bwana harusi ameingia kwa ndoa. Huyu mwingine ameingia kwa nini? Katika Suratun Nur Allah ametuamrisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Aya chache mbele anawaamuru wanaume wainamishe macho, na anaanza na wanaume kabla ya kuwageukia wanawake. Sasa mtu tumempa pesa ili aangalie, na akishaangalia ahifadhi! Jicho la kawaida likiteleza linasahau. Kamera haisahau.

Nitawasimulia lililonifanya ninyamaze mbele ya mke wangu usiku ule. Miaka kadhaa nyuma nilialikwa kufungisha ndoa kijiji kimoja upande wa delta. Sikitaji kijiji wala watu wake. Mpiga picha alitoka mbali. Alikwenda na boti kutoka Nyamisati pamoja na sisi, akisubiri maji yajae kama sisi. Kijana mzuri tu, mwenye adabu. Ndoa ilipokwisha aliingia ndani kama kawaida yao. Baada ya wiki mbili, studio yake ikaweka picha mtandaoni kujitangaza. Moja ilikuwa ya bibi harusi, nzuri, amependeza. Lakini nyuma yake alionekana shangazi yake anacheza, khanga imeshuka, naye hana habari.

Mume wa yule mama alikuwa dago, anavua. Picha ilimfikia kwa simu za wenzake kabla yeye hajarudi nyumbani. Mnajua wenyewe maneno ya dago. Alirudi hataki kusikia chochote. Mimi na wazee wawili tulikaa vikao vingi kuwasuluhisha, na alhamdulillah hawakuachana, ila yule mama tangu siku hiyo haendi harusini. Nimemkosesha mimi pia. Siku ile nilikuwa nimekaa barazani na sinia la pilau mbele yangu, na nilimwona yule kijana akipita mlangoni na kamera yake. Neno moja la kumzuia lingetosha. Sikulisema, kwa kuwa wenye harusi walikuwa wamefurahi na mimi nilikuwa mgeni.

Kwa hiyo rai yangu, na ni rai tu, si fatwa ya baraza lolote, ni hii. Mpiga picha wa pili akiwa mwanamke na kazi yake ni kule ndani, mlipeni, na si israfu hata kidogo. Na nitaongeza ambalo najua baadhi ya wanaume hawatalipenda: mkiwa na pesa ya mpiga picha mmoja tu, basi huyo mmoja awe ndiye mwanamke, akae ndani. Huku nje mwachieni mpwa wa bwana harusi mwenye simu nzuri. Sisi wanaume msikitini tumevaa kanzu na kofia, tumekaa mkekani. Hata picha ikitoka mbaya au ikisambaa, nani ameumia? Pesa iende pale penye heshima ya kulinda.

Lakini kama wa pili ni mwanamume mwingine, ili mmoja apige kutoka mbele na mwenzake kutoka ubavuni, au mmoja apige za mnato na mwingine video ya kurusha mtandaoni usiku huo huo, hapo narudi kwenye jibu langu la kwanza. Mfuteni. Karatasi hizi za kamati nimezisoma nyingi. Mara nyingi mpiga picha wa pili yumo, na muuza duka aliyekopesha mchele bado hajalipwa. Mkumbuke pia, mpiga picha wa Dar es Salaam si bei yake tu. Kuna nauli ya basi kutoka Mbagala, kama harusi iko visiwani kuna boti, kuna pa kulala na kula, na wakiwa wawili vyote hivyo vinazidishwa mara mbili. Mzee ameuza korosho msimu mzima, pesa inaishia kwenye albamu ambayo ikifika imezidi uzito wa Msahafu na haifunguliwi mara tatu.

Tazameni Maswahaba. Abdurrahman bin Auf, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mmoja wa watu wa karibu kabisa wa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam. Alioa, na Mtume alijua kwa kumwona na alama ya manukato ya rangi ya manjano, akamuuliza, ndipo akaambiwa nimeoa. Akamwombea baraka na kumwambia afanye walima hata kwa mbuzi mmoja. Na walima ya Mtume mwenyewe alipomwoa bibi Safiyya, njiani wakitoka Khaybar, kila mtu alileta alichokuwa nacho, tende, samli, jibini kavu, vikachanganywa watu wakala. Sisemi tuige umasikini. Nasema harusi zile zilitimia.

Nimeambiwa na mzee, na nyie mtaniambia, "Shehe, wapiga picha wanawake Kibiti tutawatoa wapi?" Ni kweli ni wachache. Lakini ni wachache kwa kuwa hatuwaiti. Mke wako akienda kujifungua unamwombea apate mkunga mwanamke. Mtoto wako wa kike akiumwa unauliza kama kuna daktari mwanamke. Kwenye harusi tu ndipo tunasema hakuna, basi. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wametutangulia katika hili. Kule usiku wa wanawake, bibi harusi anapopambwa na kukalishwa atazamwe, anayepiga picha ni mwanamke, na simu za wageni mara nyingi huzuiwa tangu mlangoni. Wapo mabinti wanaoishi kwa kazi hiyo. Hapa kwetu mabinti wamemaliza kidato cha nne wamekaa nyumbani, na wengine kamera wanazijua kuliko kaka zao.

(Zamani, nikumbushe, mambo yalikuwa mepesi. Picha ulikwenda kuipiga mwenyewe studio. Pale Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, watu wakivaa vizuri, wanakwenda, wanakaa kwenye kiti, wanapigwa wanavyotaka waonekane. Aliyepigwa alijua anapigwa. Siku hizi mpiga picha ndiye anayetufuata sisi.)

Ila msidhani mkishampata mwanamke mmemaliza. Ulizeni picha atazisafisha nani. Wengi wanapiga, kisha kadi anapelekewa kijana wa kompyuta dukani, yeye ndiye anayekaa na video siku tatu akiikata na kuipanga, anaona yote. Hapo mmemtoa mlangoni mkamwingiza dirishani. Kubalianeni kabla ya kutoa advansi: picha za ndani asafishe mwenyewe, awakabidhi, kisha azifute kwake, na asiweke hata moja kwenye ukurasa wake bila idhini ya aliyemo. Muandike kwenye karatasi, wote mtie saini. Hata serikali ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo mwenye kuonewa kwa picha yake ana pa kwenda. Lakini mimi napenda karatasi ya nyumbani ifanye kazi kabla ya kufika huko.

Na simu! Tunabishana kuhusu mpiga picha wa pili, kumbe ndani yumo wa arobaini. Kila mgeni ana simu, na nusu saa baadaye harusi nzima iko kwenye stetasi. Wekeni kapu mlangoni, asimame mtu mzima anayesikilizwa, somo au bibi, simu ziingie humo. Watanuna robo saa, kisha watacheza. Bila kapu hilo, hata huyo mwanamke mliyemlipa mmemlipa bure.

Kwa vijana wetu wa kamera nami nina neno. Sikuwakusudia nyie kwa ubaya. Riziki yenu ni ya jasho, mnabeba vyuma juani kutwa, na nimesikia malalamiko yenu kwamba watu wanachukua picha na pesa iliyobaki mnazungushwa mwezi mzima. Hiyo ni dhulma. Tumefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na harusi haimo kwenye vighairi.

Yule mzee alirudi kwenye kamati na maneno haya. Walivutana, hasa vijana, lakini mwisho wakakubali mwanamke ndani na simu kapuni. Siku mbili baadaye yule kijana wa studio akanifuata, amekasirika. Huyu nilimfundisha mimi alifu na bee, nikamwachia aseme. Alipomaliza akainama kidogo akaniuliza, "Ustadhi, dada yangu nimemfundisha kamera tangu mwaka jana, anapiga vizuri kuliko mimi. Yeye wakimwona watamkubali?"

Jana jioni niliwapeleka wote wawili kwa mzee. Bei walikuwa bado wanapatana nilipoondoka kuwahi magharibi.

Wallahu aalam.