Zando mpya: nani atapanda ngazi kununua sombe?

Wamama wapendwa, wiki hii tunaacha kidogo mambo ya nyumbani na tunaenda sokoni. Wengi katika vikundi vyetu wanaishi kwa biashara ndogo, na wanauliza kuhusu Zando, soko kuu la Kinshasa lililo katika komini ya Gombe: je, jengo lile jipya litafaulu? Kinshasa ni mbali na sisi huku mashariki, lakini swali ni letu pia. Mji ukitaka kujenga soko la kisasa, wa kwanza kuhamishwa ni mama mwenye besani, na mara nyingi ndiye wa mwisho kurudishwa.

Zando ya zamani ilikuwa imejaa kupita kiasi, hata njia za kupita zikawa meza. Ilifungwa Januari 2021 ili ibomolewe. Mahali pake wamejenga kwa matofali mekundu, na kuta zenye nafasi za kupitisha hewa, kwa hesabu ya wauzaji karibu 20,000. Ni jengo zuri, tuseme ukweli. Ila miaka ile yote ya ujenzi wauzaji hawakulala. Karo ya shule haingoji fundi. Walisambaa kwenye barabara za jirani na kwenye masoko mengine, na wateja wakawafuata au wakazoea kununua karibu na nyumbani kwao. Mteja aliyezoea njia nyingine harudi kwa sababu tu umepaka rangi.

Kuna wanaosema: basi tubaki chini ya miavuli yetu, tumezoea. Hapo mimi nakataa. Tarehe 2 Februari 2022, kule Matadi-Kibala, pembeni ya Kinshasa, waya mkubwa wa umeme ulikatika ukaanguka sokoni, na maji ya mvua yalikuwa yametapakaa chini. Watu 26 walikufa, wengi wao wamama waliotoka asubuhi kutafutia watoto chakula. Soko lenye mifereji, choo, taa na mahali salama pa kukaa si anasa. Ndiyo maana natamani Zando ifaulu, na ndiyo maana naangalia kwa makini mambo yanayoweza kuiangusha.

Wale wanaoenda Dar es Salaam kuchukua bidhaa Kariakoo wanaweza kuwaeleza habari ya Machinga Complex. Halmashauri ya jiji ililijenga Ilala kwa mkopo wa NSSF, likakamilika mwaka 2010, ghorofa juu ya ghorofa, na vizimba zaidi ya 4,000 kwa ajili ya wachuuzi wa barabarani. Vizimba vingi vilikaa tupu miaka na miaka. Wachuuzi walijaribu, wakaona wateja wanapita chini barabarani bila kuinua macho, wakarudi barabarani. Deni la jengo likabaki kwa jiji.

Sasa fikirini Zando. Mama mteja ana mtoto mgongoni na unga kichwani. Atapanda ngazi kwa ajili ya fungu la sombe, ile wanayoita pondu kule? Hatapanda. Kwa kitenge cha harusi atapanda, kwa kusuka nywele atapanda, kwa mshonaji wake anayemwamini atapanda hata mara mbili. Kwa hiyo vitu vinavyooza, mboga, samaki, nyanya, vinatakiwa viwe chini, mlangoni kabisa. Lakini nafasi za chini ndizo zenye bei, na mwenye pesa ndiye anayezitangulia. Mama wa lenga-lenga akipelekwa juu, mboga zake zitanyauka kabla ya saa sita, na kesho yake mtamkuta nje kwenye kona, polisi wakimfukuza.

Halafu kuna malipo. Anayeuza chini analipa kidogo kila siku, na siku ya mvua kubwa, hakuna biashara, mara nyingi halipi. Meza ya kisasa inataka malipo ya mwezi, pengine na dhamana. Tuseme faida yako ni franga 6,000 kwa siku. Takse ya 1,000 kwa siku unaivumilia. Ukiambiwa ulete ya miezi mitatu kwa pamoja, ni 90,000, na hiyo ni mtaji wote wa besani lako.

Jambo linaloniogopesha zaidi ni orodha ya majina. Soko jipya likifunguliwa, utakuta mtu mmoja ana meza kumi kwa majina ya shemeji, mpwa na mtumishi wa nyumbani, kisha anawapangisha wamama kwa bei mara mbili. Orodha ya wauzaji wa zamani ikibandikwa ukutani, kila mtu aisome, wizi huo unakuwa mgumu. Ikifichwa ofisini, mmeshajua.

Maoni yangu: chini, Zando itajaa haraka, kwa sababu iko katikati ya mji na jina lake linajulikana na kila mtoto wa Kinshasa. Juu itachelewa sana. Na barabara za pembeni hazitakuwa tupu kama wakubwa wanavyoahidi, mpaka bei ya meza ifanane na mfuko wa muuzaji.

Kwa vikundi vyetu vya AVEC: mtu akileta ombi la mkopo wa kulipia meza katika soko jipya lolote, msimpe siku hiyohiyo. Wamama wawili waende naye, wakae pale siku tatu, moja iwe ya mvua kama inawezekana, wahesabu watu wanaopita mbele ya meza hiyo hasa na wanaosimama kununua. Waulize majirani wanalipa nani na kama wanapewa risiti yenye muhuri. Kama anayepokea pesa hataki kuandika jina lake kwenye karatasi, pesa za kikundi zirudi sandukuni.