Pingili tano kila mwanafunzi: huu utaratibu tuuache

Vuli imekaribia na matangazo shuleni yameanza: "Jumatatu kila mwanafunzi aje na jembe na pingili tano za muhogo." Mzazi anakata haraka haraka nyuma ya nyumba, mtoto anabeba, wajibu umekwisha. Mimi naona huko ni kuwapa watoto wetu kazi ya kusambaza ugonjwa.

Batobato na michirizi ya kahawia husafiri ndani ya pingili. Nzi weupe nao wanaeneza, lakini safari ndefu za kijiji hadi kijiji tunazifanya wenyewe, kwa baiskeli na bodaboda. Batobato ni rahisi kuiona: jani lina mabaka ya njano na limejikunja. Michirizi ni mjanja. Shina linaweza kusimama vizuri kabisa, ukichimba unakuta muhogo una uozo mkavu wa kahawia, haufai kuchemsha wala kuanika udaga. Wafanyabiashara wa udaga mnaosoma hapa mnajua hasara yake.

Sasa piga hesabu. Wanafunzi 200, pingili tano kila mmoja, ni pingili 1,000. Kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja hiyo ni robo heka, imekusanya magonjwa ya kaya 200. Mwakani mbegu zikigawiwa, kila mtoto anarudi nyumbani na ugonjwa wa jirani.

Msimu uliopita nilikuwa shule moja, jina naliacha, siku ya kuvuna. Watoto walikuwa wamepalilia lile shamba mara tatu. Mama mpishi alipoanza kumenya, karibu nusu ya mihogo aliiweka pembeni. Watoto wamesimama na sahani wanaangalia. Sijasahau.

Lakini siku hiyo hiyo nilimwomba mwalimu wa darasa la tano tupite mistarini na wanafunzi wake, tukianza na majani ya chini, maana michirizi huonekana kwanza huko: unjano unaofuata mishipa ya jani. Baada ya mistari miwili walikuwa wananiita mimi. Binti mmoja akaniambia, "Bwana shamba, haya yako kwetu pia, bibi anasema ni jua." Hapo ndipo nilipoona shamba la shule lingeweza kuwa nini.

Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge mwaka 1934, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Alitaka kazi ya shamba iwe sehemu ya masomo, wanafunzi washiriki kupanga na waone wenyewe faida na hasara. Sisi tulibakiza jembe. Shule nyingine kupalilia kumekuwa adhabu ya wachelewaji, halafu tunashangaa mzazi akisema hakumpeleka mtoto shule akalime! Hapo namuunga mkono mzazi.

Ninachopendekeza: badala ya pingili tano, kaya zichangie kidogo, kamati ya shule inunue mbegu safi kwa mzalishaji anayetambuliwa na TOSCI. Ofisi ya kilimo ya kata itaulizia TARI Ukiriguru aina inayovumilia magonjwa yote mawili. Hela ikiwa ndogo, anzeni na mistari michache mbali na mihogo ya zamani. Shina moja zuri hutoa pingili kadhaa za sentimita 20 hadi 30, mwakani mtapanua. Watoto wakague kila wiki, shina lenye dalili ling'olewe mapema. Mavuno yaandikwe kwenye ubao wa matangazo, kilo ngapi zimeingia jikoni, mzazi asome.

Mwenye mihogo yenye dalili hizi, siku ya gulio nitakuwepo ofisini. Njoo na picha ya jani na kipande cha muhogo. Pingili ziache huko huko shambani.