Mtoto hufunzwa kula penye sinia

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Maimamu Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Umar bin Abi Salama (RA), mtoto wa Bibi Ummu Salama, aliyelelewa katika nyumba ya Mtume (SAW). Siku moja alikuwa akila pamoja naye, na mkono wake ukizunguka huku na huku katika chombo. Mtume (SAW) akamwelekeza ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar anaeleza kwamba tangu hapo huo ndio ukawa ulaji wake.

Tutazame mahali somo lile lilipotolewa. Hapakuwa na hotuba wala kiboko. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa wakila pamoja. Katika nyumba zetu nyingi leo baba hutoka alfajiri na kurudi watoto wamelala, na alichowaachia ni fedha ya kula shuleni. Basi anayemfunza mtoto kula ni muuza chipsi na mwenye duka la soda. Hao hatuwalaumu, kwani wanauza kinachonunuliwa.

Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari ipatayo vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya namna hiyo isifikie asilimia 10 ya nguvu ambayo mwili hupata kwa chakula cha siku. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita, chupa hiyo peke yake yakaribia kumaliza fungu lake la siku nzima, na bado hatujahesabu chai ya asubuhi wala biskuti.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 168, ameamrisha watu wale kilicho halali na twayyib. La halali twaliuliza sana: nani kachinja, kachinja vipi. La pili hatuliulizi, ilhali Ibn Kathir ameifasiri twayyib kuwa ni pamoja na kile kisichodhuru mwili wala akili. Wala twayyib si lazima iwe ghali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, na huku dagaa, maharage na mchicha vipo sokoni. Fedha ya soda za juma zima hununua mboga za kutosha.

Wapo wazazi wanaodhani dawa ni kumchapa mtoto anayekataa mboga. Mtume (SAW) hakuwa akikitia kasoro chakula: akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Alipoletewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani afananaye na kenge, hakuila, akabainisha kuwa si haramu bali nafsi yake haikuizoea. Khalid bin Walid (RA) akaila mbele yake. Mtoto naye apewe muda wa kuzoea. Aliyekataa mchicha leo huenda akauonja kesho akimwona baba yake anaula. Na baba anayesukuma kando bakuli la mboga akisema ni chakula cha wagonjwa, somo lake nalo limeshaingia.

Jambo la mwisho ni la madrasa. Mtoto akihifadhi Juzuu Amma, baadhi ya walimu humtunza soda na pipi, hata utamu wa dukani ukafungamana moyoni mwake na furaha ya Qur'ani. Tende zipo, na maembe yapo kila msimu wake.

Leo ni Ijumaa. Katika nyumba nyingi pilau ya baba itapakuliwa peke yake, na watoto watakula jikoni. Akina mama, wekeni sinia moja.

Wabillahi tawfiq.