Kwanza Safisheni Owino Uhuru

Watu wa Uyombo walisema hawataki kinu cha nyuklia. Serikali ikasikia kwamba hawakitaki Uyombo. Kati ya maneno hayo mawili kuna pengo kubwa, na ndani yake sasa wanatumbukizwa watu wa Siaya.

Kwa miaka kadhaa NuPEA, shirika la serikali linalosimamia mpango wa nyuklia nchini Kenya, lilikipigia hesabu kijiji hicho cha wavuvi katika kaunti ya Kilifi. Kinu cha megawati 1,000 kingejengwa pale kwa takriban shilingi bilioni 500, ujenzi uanze 2027 na umeme uanze kutoka 2034. Wanakijiji walikataa. Walipeleka malalamiko bungeni, wakavikataa vikao vilivyoitwa vya kuwaelimisha, na Mei 2024 wakaandamana hadi polisi wakawatawanya kwa nguvu. Hatimaye macho ya wakuu wa mradi yakageukia kaunti ya Siaya, kandokando ya Ziwa Victoria, kana kwamba kasoro ilikuwa ufuo na wala si mpango wenyewe.

Anayeijua Uyombo hawezi kushangaa kwamba ilikataa. Maji yakipwa, watu hushuka miambani kutafuta pweza, na yakijaa mitumbwi hutoka na nyavu. Karibu hapo pana Mkondo wa Mida na mikoko yake, Hifadhi ya Bahari ya Watamu iliyotengwa tangu 1968, na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kinu cha ufuoni huvuta maji mengi ya bahari ili kujipoza, kisha huyarudisha yakiwa na joto. Mayai ya samaki yaliyomo katika maji hayo hayana pa kukimbilia.

Msimamo wangu ni huu: isipimwe hata ekari moja, iwe Kilifi au Siaya, mpaka serikali ijibu swali ambalo Pwani imeliuliza bila kujibiwa. Sumu ya taka za kinu atailinda nani, na tumwamini kwa lipi?

Wanaoutetea mradi wana hoja zao. Wanasema nchi inakua, na mahitaji ya umeme saa za jioni yamepita megawati 2,300. Wanasema kinu cha nyuklia hakitoi moshi na hakingoji mvua wala upepo. Wanatukumbusha kwamba kinu cha Koeberg huko Afrika Kusini kimekuwa kikizalisha umeme tangu 1984. Yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mvuke wa Olkaria na kwingineko katika Bonde la Ufa hautoi taka za kulindwa na vitukuu vyetu, na sehemu kubwa ya mvuke huo bado iko ardhini haijaguswa.

Hoja wanayoitegemea zaidi ni ya sheria. Tangu 2019 tunayo sheria ya kudhibiti nyuklia na mamlaka ya kuisimamia, kwa hiyo, wanasema, wananchi watulie. Hapo ndipo ninapokataa kutulia, kwa sababu Pwani imewahi kuambiwa maneno hayo hayo.

Twendeni Owino Uhuru, mtaa wa mabanda ulioko Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kilianza kazi ukutani kabisa mwa nyumba za watu. Betri zilivunjwa, tindikali ikamwagwa, vipande vikayeyushwa. Moshi uliingia madirishani na maji machafu yakapita walipokuwa wakicheza watoto. Risasi ikishaingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo, na dhara hilo halirudi nyuma. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliligundua jambo hili baada ya mwanawe mchanga kuugua na damu yake kukutwa na sumu hiyo.

Je, sheria haikuwepo? Sheria ya mazingira ilipitishwa 1999, miaka minane kabla ya tanuru la kwanza kuwashwa. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwepo, na wizara ya afya pia. Kiwanda kiliendelea kuyeyusha hadi kilipofungwa 2014. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakashinda: fidia ya shilingi bilioni 1.3, pamoja na amri ya kusafisha udongo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitibua hukumu hiyo. Ilipofika Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ikairejesha, miaka kumi baada ya tanuru kuzimwa. Waliokuwa watoto wakati ule walikua wakisubiri.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wakuu wa mradi wanapenda kuwaona watu wa Pwani hivyo, watu wenye hofu wanaohitaji semina. Lakini hiki wanachoonyeshwa si ung'ongo. Mafuta ya nyuklia yakishatumika hukaa miaka mingi ndani ya bwawa la maji kabla ya kuhamishiwa katika mapipa mazito. Koeberg imefanya kazi miongo minne, na mafuta yake yaliyotumika bado yamehifadhiwa papo hapo kiwandani. Ufini, nchi iliyokwenda mbali kuliko zote, imelazimika kuchimba mahandaki zaidi ya mita 400 chini ya mwamba ili kuyazika. Ndani ya taka hizo mna plutonia ambayo huchukua miaka 24,000 kupungua kwa nusu tu.

Tena kuna jambo linalonikosesha usingizi. Risasi ina kipimo cha damu ambacho mama aweza kuomba hospitalini, na mashtaka ya Owino Uhuru yalijengwa juu ya damu ya watoto. Mionzi haionekani, hainuki, na vyombo vya kuipima vinashikwa na wataalamu wa serikali ile ile inayotaka kinu kijengwe. Siku kipimo kitakapopanda, mvuvi atajulishwa na nani? Na akiambiwa yuko salama, ataliamini neno hilo kwa ushahidi gani?

Katiba yetu inatoa haki ya mazingira safi, na inaitaka dola ihimize wananchi kushiriki kuyalinda. Kuwaita watu kikaoni baada ya eneo kuchaguliwa ni kuwapa taarifa tu. Sasa Siaya wanahubiriwa ajira na barabara, na ziwa lenyewe si la Kenya peke yake. Mvuvi wa Mwanza anayatumia maji yale yale, na hakuna aliyemwuliza neno.

Imani haijengwi kwa semina. Serikali inajua anwani ya kuanzia. Iende Owino Uhuru imlipe kila aliyeamuliwa kulipwa, ichimbe udongo wenye sumu na kuuondoa, na iwapime watoto tena na kuyatangaza matokeo hadharani. Siku mama wa mtaa ule atakapomwacha mwanawe acheze mchangani bila kumwita ndani, hapo mkuu wa mradi aje na ramani yake, naye akae mkekani kusikiliza kabla hajaifungua.