Taa ya eabegi isiyowaka ndiyo ya kuogopa

KONA YA BARABARA
Na Hamisi Chambuso

Ingia yadi yoyote ya magari hapa Dar es Salaam uone gari la mtumba linavyonadiwa. Utafunguliwa boneti, utawashiwa kiyoyozi, utaoneshwa rimu na redio ya skrini, kisha dalali atakuhesabia sifa kwa vidole: injini haijaguswa, rangi ni ileile ya Japani, eabegi zipo. Hilo la mwisho hulitaja harakaharaka, na mnunuzi hulipokea vivyo hivyo, kwa kuwa ameona herufi SRS kwenye usukani akaridhika. Herufi zile zimechapwa juu ya plastiki tu. Mfuko wa hewa unaotakiwa kuwa nyuma yake unaweza kuwepo, unaweza kuwa mbovu, na unaweza kuwa ulishatoka siku nyingi.

Msimamo wangu wiki hii ni huu: kasoro nyingi za eabegi katika magari yaliyozeeka ni ndogo na zinatengenezeka. Kinachotuweka hatarini ni tabia yetu ya kuizima taa na kuuacha ugonjwa palepale.

Tuanze na mfumo wenyewe. Mbele ya gari kuna sensa za mgongano. Katikati, aghalabu chini ya eneo la gia, kuna kompyuta ya eabegi. Nyaya na soketi zake kwa kawaida hupewa rangi ya njano ili fundi asizichezee bila kujua. Gari likigonga kwa nguvu ya kutosha, kompyuta hupeleka umeme kwenye kiwashio kilicho ndani ya kopo la gesi, kemikali huungua, na mfuko hujaa katika muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Katika magari mengi, papo hapo mkanda nao huvutwa ukubane kitini.

Kila unapowasha swichi, kompyuta hiyo hujikagua. Kwenye dashibodi hutokea taa yenye picha ya mtu aliyeketi na duara mbele yake. Hukaa sekunde chache, kwenye Toyota nyingi kama sita, kisha huzimika. Huo ndio uzima. Ikibaki inawaka, ikipepesa, au ikiwaka tena ukiwa njiani, kompyuta imeona kasoro. Baada ya hapo usiitegemee eabegi hata moja katika gari hilo, kwa sababu kompyuta ikishaona hitilafu inaweza kuuzuia mfumo usifanye kazi.

Na je, isipowaka kabisa unapofungua swichi? Hapo ndipo watu hufurahi, na hapo ndipo pa kuogopa. Nitaparudia.

Mgonjwa anayefika gereji mara nyingi kuliko wote ni utepe wa umeme ulioviringishwa nyuma ya usukani. Kazi yake ni kupeleka umeme kwenye eabegi ya dereva huku usukani ukizunguka kushoto na kulia. Baada ya miaka ya kukunjwa na kukunjuliwa, hukatika. Dalili zake hujitangaza: taa ya eabegi inawaka, honi haisikiki, na vitufe vya redio vilivyo kwenye usukani havifanyi kazi. Dereva hutengenezewa honi kwa swichi ya pembeni, anarudi barabarani, taa ikiendelea kuwaka. Fundi amemrudishia sauti ya kupigia bodaboda kelele, lakini kinga ya kifua chake imebaki imekatika.

Wa pili yuko chini ya viti vya mbele. Huko kuna soketi za mkanda, za eabegi za pembeni kwa magari yaliyo nazo, na za sensa inayotambua kama kiti cha abiria kina mtu. Kiti kikisogezwa mbele na nyuma kila siku, soketi hulegea. Ukienda kuosha gari na kijana akamwaga maji ya sabuni kwenye kapeti mpaka viti vikaelea, soketi hushika kutu. Gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko, liwe la Japani au la Jangwani wakati wa masika, hupata ugonjwa huu na mbaya zaidi, kwa kuwa kompyuta yenyewe imefungwa chini, karibu na sakafu. Kapeti linaweza kuanikwa likakauka na kupuliziwa manukato, lakini kutu iliyo ndani ya soketi haisikii manukato.

Wa tatu ni betri. Betri iliyochoka, au gari lililoshtuliwa kwa betri ya jirani, linaweza kuiachia kompyuta kumbukumbu ya umeme mdogo. Hapo huenda hakuna kilichoharibika. Ni kutibu betri na kufuta kumbukumbu kwa mashine. Wa nne ni kishikizo cha mkanda, kile unachochomekea ulimi wa chuma. Ndani yake kuna swichi ndogo, na sarafu, makombo ya karanga na soda ya watoto humaliza kazi yake polepole.

Magonjwa yote haya manne yana dawa. Fundi umeme mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya eabegi hupata namba ya kasoro na kuifuata hadi kwenye waya husika. Nasema ya eabegi kwa makusudi, kwa sababu vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyosoma injini pekee havifiki huko. Fundi huyo pia huchomoa betri na kusubiri, walau dakika moja na nusu kwa mujibu wa maelekezo ya Toyota, kabla hajagusa soketi ya njano. Ukimwona fundi anachomeka mita kwenye eabegi kupima kama ni nzima, mwambie aache. Umeme mdogo wa mita unaweza kuifyatua usoni mwake.

Sasa tufike kwenye udanganyifu. Gari limegonga, eabegi zimefunguka. Kulirudisha sawasawa kunadai eabegi mpya, mikanda yenye kifaa cha kujivuta, na mara nyingi kompyuta, kwa sababu ile ya zamani imehifadhi kumbukumbu ya ajali. Hiyo ni fedha nyingi kwa mtu anayetaka kuuza gari mwezi huu. Njia ya mkato ni kubandika kifuniko kipya cha usukani, kushona au kupaka rangi dashibodi iliyopasuka, kisha kuihadaa taa. Wapo wanaotoa globu. Wapo wanaounganisha taa ya eabegi na taa nyingine ili ziwake na kuzimika pamoja. Na wapo wanaofunga rezista ndogo mahali pa eabegi ili kompyuta iamini kuwa mfuko upo, nayo hujikagua kila asubuhi na kutoa jibu la uzima.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Tatizo ni kwamba hapa maradhi anayaficha mmoja, na kilio kinakwenda nyumba nyingine.

Lipo pia tatizo ambalo taa haitalionesha kamwe, nalo linatuhusu sisi watu wa pwani hasa. Kampuni ya Kijapani ya Takata iliwauzia eabegi watengenezaji wengi wa magari, wakiwemo Honda, Toyota, Nissan, Mazda na Subaru. Kemikali iliyotumika katika makopo yake ya gesi ilikuwa ammoniamu naitreti, na mengi hayakuwekewa kikausha unyevu. Miaka inavyopita katika joto, unyevu na mabadiliko ya joto ya kila siku, kemikali hiyo huchakaa. Siku ikiwashwa huungua kwa nguvu kupita kiasi, kopo hupasuka, na vipande vya chuma humrukia yule aliyetakiwa kulindwa. Marekani pekee makopo yapatayo milioni 67 yaliitwa yarudi kubadilishwa, na vifo visivyopungua 28 vimethibitishwa huko. Malaysia nayo imezika watu kwa sababu hiyo. Takata ilikiri kosa la jinai mahakamani Marekani mwanzoni mwa mwaka 2017 na ikafilisika mwaka huohuo.

Wamarekani walipopanga nani aanze kubadilishiwa, walianza na magari ya zamani zaidi na maeneo yenye joto na unyevu, kama Florida na Hawaii. Gari la zamani linaloegeshwa juani Tanga, Unguja, Mombasa au Dar es Salaam mwaka mzima lina sifa zote mbili. Japani yenyewe, kuanzia Mei 2018, iliamua kwamba gari lenye eabegi hatari za Takata ambazo hazijabadilishwa lisipite ukaguzi wa lazima. Gari lisilopita ukaguzi kwao linatafutiwa mnunuzi wa mbali, na msomaji wangu anajua wanunuzi hao wa mbali ni akina nani. New Zealand, inayonunua mtumba wa Japani kama sisi, ililiona hilo. Mwaka 2018 ililazimisha eabegi za aina hatari zaidi zibadilishwe.

Najua jibu la mtaani: basi kama eabegi inaweza kuua, si bora kuichomoa kabisa? Nimelisikia hata kwa mafundi ninaowaheshimu. Jibu langu ni kwamba eabegi inayodaiwa kurudishwa hubadilishwa, na watengenezaji hubeba gharama hiyo wenyewe pale wanapoiita irudi. Eabegi nzima huachwa mahali pake. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kuwa eabegi za mbele ziliokoa maisha ya watu zaidi ya 50,000 nchini humo kati ya mwaka 1987 na 2017. Lakini mfuko ule ulibuniwa kumpokea mtu aliyefunga mkanda. Asiyefunga mkanda huufikia mapema, ungali unafumuka, nao humpiga. Mtoto mchanga katika kiti kinachotazama nyuma asiwekwe mbele ya eabegi ya abiria hata kwa safari ya sokoni.

Wapo pia watakaosema mfukoni hakuna kitu. Nawaelewa. Lakini mtu yuleyule hununua kava za viti zinazobana pembeni na kuziba eabegi zilizoshonwa ndani ya kiti, na hufunga ngao ya chuma mbele inayoweza kuzichanganya sensa juu ya ukali wa mgongano. Fedha ilikuwepo, ilitangulia kwenye urembo.

Kwa hiyo, mnunuzi, fanya mambo matatu kabla hujatoa hata malipo ya awali. Kwanza, kaa mwenyewe kwenye kiti cha dereva, fungua swichi bila kuwasha injini, na uitazame taa ya eabegi. Lazima iwake, kisha izimike yenyewe. Isiyowaka kabisa ina maana kwamba kuna mkono wa mtu, au globu imeungua, na yote mawili yanadai maelezo. Angalia kama inazimika pamoja na taa nyingine kwa wakati uleule kabisa. Hiyo nayo yaweza kuwa dalili ya kuunganishwa. Pili, peleka gari kwa fundi uliyemchagua wewe, asiyemjua dalali, asome kompyuta ya eabegi na akague kifuniko cha usukani, mshono wa dashibodi na mikanda. Mkanda uliofyatuka kwenye ajali mara nyingi hukwama au hurudi kwa shida. Tatu, chukua namba ya chasisi. Magari ya soko la Japani hayana namba ya tarakimu 17 kama ya Marekani, hivyo tovuti za Wamarekani hazitakusaidia. Tumia ukurasa wa mtengenezaji huko Japani unaopokea namba ya chasisi. Ni wa Kijapani, ila simu ya leo inatafsiri. Au mpelekee namba hiyo wakala rasmi wa kampuni hapa nchini na umuulize kama gari linadaiwa kubadilishwa kitu.

Ukitafuta spea Gerezani au Ilala, usinunue eabegi iliyotolewa kwenye gari jingine ambalo hujui historia yake. Unaweza kununua kopo lilelile la Takata na kujifungia mwenyewe.

Kwa wenye mamlaka nina ombi moja. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozeeka, na Kenya hulizuia kabisa likizidi miaka minane. Nchi zote mbili zinajua kwamba umri wa gari una maana. Basi namba ya chasisi ihakikiwe dhidi ya orodha za watengenezaji kabla gari halijapandishwa melini, na karatasi ya majibu iambatane na gari mpaka kwa mnunuzi. Trafiki nao, katika ukaguzi wa stika, watumie sekunde sita kuitazama taa hii ikiwaka na kuzimika. Na anayefunga rezista mahali pa eabegi kisha akauza gari ashitakiwe kwa udanganyifu, kwa sababu ameuza kinga ambayo haipo.

Mpaka hayo yatakapofanyika, ulinzi wako ni wewe mwenyewe. Dalali akikataa gari lisipimwe na fundi wako, mwachie gari lake na uondoke na fedha zako.